Mshale, Kivuli na Nyota: Fizikia Isiwe Yatima Misikitini Mwetu



Kuna kauli mbili zinazosikika katika mabaraza yetu hapa Nyamisangura, na katika misikiti mingine ya Tarime na Serengeti. Ya kwanza husema kwamba fizikia ni elimu ya wasioamini, kwa kuwa inafundisha kwamba ulimwengu umejitokeza wenyewe. Basi kijana wa Kiislamu na akae nayo mbali. Ya pili husema kwamba kila wanaloligundua wanafizikia limekwisha tajwa ndani ya Qur'ani, na kila nadharia mpya itokayo Ulaya au Marekani ni muujiza mwingine wa Kitabu chetu. Basi hapana haja ya kijana kuhangaika na maabara, yote anayo tayari.

Mwenye kutazama juu juu atadhani kauli hizi zinapingana. Sisi tunaona ni watoto wa baba mmoja, na baba huyo ni kutotofautisha baina ya kilichopimwa na kinachodhaniwa. Matokeo yao pia ni mamoja. Kwa miaka mingi mfumo wa shule zetu umemruhusu mwanafunzi kuiacha fizikia baada ya kidato cha pili, na vijana wetu wengi wameiacha bila ya mzazi wala imamu kuuliza kulikoni. Hatimaye kijiji kinatafuta fundi wa mitambo ya hospitali, mhandisi wa maji, mwalimu wa sayansi, na safu zetu za sala hazina hata mmoja wa kumtoa.

Katika tahariri hii tunataka kusema neno moja tu. Fizikia ni elimu ya kupima, na heshima yake ipo katika kukiri kiasi cha kosa. Anayelielewa hilo hataiogopa, wala hataigeuza kuwa tafsiri ya Qur'ani.

MSHALE NA SHABAHA

Tuanze na kitu ambacho wazee wa Kikurya hawahitaji kufundishwa na yeyote, nacho ni upinde. Wilaya zetu zimezika vijana waliouawa kwa mishale katika mapigano ya koo na wizi wa mifugo, kwa hiyo hatuutaji upinde ili kuusifia ugomvi. Tunautaja kwa sababu ndani yake mna somo zima la fizikia.

Anayelenga shabaha ya mbali huinua mkono. Kwa nini? Kwa sababu mshale ukishaachana na uzi wa upinde huanza kuanguka papo hapo, kama jiwe lililoachiwa. Katika sekunde ya kwanza kitu chochote kinachoanguka hushuka karibu mita 5, na kwenda kwake mbele hakupunguzi kuanguka huko. Mshale unaokwenda mita 45 kwa sekunde, ukirushwa kutoka usawa wa kifua bila ya kuinuliwa, utagonga ardhi kabla ya kufika mita 30. Mzee anayejua kiasi cha kuinua mkono anaijua hesabu hii kwa mazoea. Mwanafunzi wa kidato cha tatu huijua kwa kalamu.

Wanafalsafa wa Kiyunani waliomfuata Aristotle walidhani kwamba mshale husukumwa na hewa iliyo nyuma yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema kwamba mrushaji hukipa kitu kilichorushwa mwelekeo unaobaki ndani yake, alioutaja kwa jina la mayl, mpaka kizuizi kiuondoe. Abu'l-Barakat wa Baghdad, katika karne ya 6 Hijria, aliliendeleza jambo hilo kwa njia yake. Mnamo mwaka 1638 Galileo wa Italia alichapa kitabu kilichoonyesha kwa hesabu umbo la njia inayopindwa na mwenye kwenda mbele na kuanguka kwa pamoja. Tazameni jinsi elimu ilivyokwenda: hakuna aliyesema la mwisho, na kila mmoja alipimwa na aliyemfuata.

Sasa chukueni mishale 20 na mti mmoja wa shabaha. Mrushaji wa kwanza mishale yake imetawanyika huku na huko kuuzunguka mti. Wa pili mishale yake yote 20 imesongamana mahali pamoja, ila ni hatua tatu kushoto kwa mti. Nani hodari? Mwanafizikia atajibu kwamba hapa pana sifa mbili na si moja. Ya kwanza ni uthabiti, yaani mishale kukaribiana yenyewe kwa yenyewe. Ya pili ni usahihi, yaani mishale kuikaribia shabaha. Mrushaji wa pili ana uthabiti mkubwa na hana usahihi. Kosa lake ni la hatari zaidi, kwa sababu kukubaliana kwa mishale yake kunamdanganya kwamba yuko sawa.

Waliosoma elimu ya hadithi wanaijua hatari hii kwa jina jingine. Habari ikija kwa njia kumi, na njia zote kumi zikarejea kwa msimulizi mmoja, muhakiki hazihesabu kuwa mashahidi kumi. Wingi wa wanaokariri si dalili. Dalili ni shahidi wa pili aliyesimama peke yake.

RUFIJI 1915, MWANZA 1979

Nchi yetu ina mifano miwili ya jambo hili, nayo ni ya vita. Mnamo Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikaja kujificha katika delta ya mto Rufiji. Mwezi Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili zenye kwenda maji mafupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni na kupiga mizinga kupita juu ya mikoko. Wapigaji hawakuwa wakiiona shabaha yao. Walitegemea ndege iliyoruka juu, ikitazama kila kombora lilipoanguka na kuwapasha habari: zidisheni, punguzeni, kulia, kushoto. Tarehe 6 Julai walipiga mamia ya makombora na wakaondoka bila ya kuimaliza. Tarehe 11 Julai walirudi, wakasahihisha hatua kwa hatua, na siku hiyo ukawa mwisho wa Königsberg.

Kilichowafikisha kwenye shabaha hakikuwa ukubwa wa mizinga, kwani mizinga ilikuwa ni ile ile siku zote mbili. Alikuwa ni shahidi wa pili aliye mbali na mzinga, na ukubali wa mpigaji kuambiwa kwamba amekosa.

Mfano wa pili wazee wetu wa ng'ambo hii ya ziwa wanaukumbuka. Mwishoni mwa Machi 1979, katika vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Ilikuwa ni Tupolev, chombo cha gharama na cha kisasa kwa wakati ule. Makombora yake hayakuupata mji. Yaliangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, yakaua wanyama kadhaa. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukosa kule. Hata hivyo somo linabaki: chombo kikubwa bila ya kipimo sahihi ni kelele tu.

SAFU ILIYONYOOKA NA KIBLA

Huenda msomaji akauliza, haya ya mizinga yatuhusu nini sisi wenye kusali? Yanatuhusu mara tano kila siku.

Kutoka Tarime hadi Makka ni karibu kilomita 2,600. Ukifanya hesabu ya duara la ardhi, kibla cha Nyamisangura kimo karibu digrii 13 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Katika umbali huo, kila digrii moja ya kosa hukupeleka zaidi ya kilomita 40 pembeni. Mtu akielekea kaskazini halisi kwa kudhani kwamba Makka iko juu ya ramani, mstari wake utapita katika jangwa la Sudan, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, zaidi ya kilomita 500 magharibi ya Makka. Na msikiti mzima unaweza kufanya hivyo kwa pamoja, mabega yakigusana, safu imenyooka kama uzi wa fundi muashi. Hiyo ndiyo mishale 20 iliyosongamana kushoto kwa mti.

Hatuandiki haya ili kuzitia shaka sala za watu. Wanazuoni wamehitilafiana ikiwa wajibu wa aliye mbali ni kuielekea Al-Kaaba yenyewe au upande wake, na aliyejitahidi kwa uwezo wake ana udhuru wake. Tunachosema ni kwamba kujitahidi kuna zana zake, na zana hizi ni za fizikia.

Tena zana yenyewe ni nyepesi. Kila mwaka, tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai, au siku moja kabla yake katika mwaka mrefu, jua husimama juu kabisa ya Al-Kaaba. Saa zetu na za Makka ni sawa. Basi wakati huo ni saa 6:18 mchana kwa tarehe ya Mei na saa 6:27 mchana kwa tarehe ya Julai. Simamisheni fimbo ya mita moja uwanjani, muinyooshe kwa timazi. Kivuli chake kitakuwa na urefu wa karibu sentimita 43. Anzeni kwenye ncha ya kivuli mwende kwenye shina la fimbo: huko mnakoelekea ndiko kibla. Wingu likizuia siku hiyo, siku moja au mbili kabla au baada, saa ile ile, kosa litakuwa dogo.

Mtasema, mbona tunayo dira? Dira ni chombo kizuri, lakini huvutwa na chuma. Ukiiweka juu ya sakafu yenye nondo au karibu na dirisha la chuma, inaweza kukupa jibu thabiti na si sahihi. Nawe ukiirudia mahali pale pale mara kumi, itakupa kosa lile lile mara kumi. Kivuli cha jua hakijui habari za nondo. Hicho ndicho shahidi wa pili.

UHURU, SETILAITI ILIYORUSHWA MALINDI

Mpaka hapa tumezungumza juu ya vitu vinavyogusika. Twende sasa kwenye zile habari zinazowatia hofu baadhi ya ndugu zetu, yaani habari za umbo na umri wa ulimwengu. Nazo zina mguu mmoja hapa hapa Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, nayo kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu ardhi inazunguka, na mzunguko wake ni wa kasi zaidi kwenye ikweta. Sisi hapa Nyamisangura, tukiwa tumekaa kwenye majamvi yetu, tunachukuliwa kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupewa kasi hiyo bure. Na kwa nini angani? Kwa sababu hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo isitufikie, na ni rehema kwetu kwamba huizuia, lakini anayetaka kuipima sharti apande juu yake.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Vipimo vya Uhuru vilionyesha kwamba mionzi yake inabadilika haraka mno, ikiwa ni dalili kwamba kinachoitoa ni kidogo kwa umbo. Kisha darubini za ardhini zikaonyesha nyota kubwa inayozungushwa na kitu kisichoonekana, chenye uzito uliopita kiasi. Hivyo kikawa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haichomoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Angalieni jambo moja. Kwa muda uzito wa shimo hilo ulihesabiwa kuwa sawa na wa majua 15 hivi. Mwaka 2021 watafiti walipima upya umbali wake, wakaona ni mkubwa kuliko ilivyodhaniwa, na uzito ukapanda hadi majua 21 hivi. Hakuna aliyeandamana wala aliyekufurishwa. Kipimo bora kilikuja, kikachukua nafasi ya kilichotangulia.

MODELI ZA ULIMWENGU NA DARAJA ZAKE

Juu ya vipimo kama hivyo ndipo wanafizikia hujenga modeli, yaani mfano wa kihesabu wa ulimwengu mzima. Modeli inayokubaliwa na wengi leo husema kwamba ulimwengu unatanuka, kwamba zamani ulikuwa umesongamana na wenye joto kali, na kwamba tangu hapo imepita miaka bilioni 13.8 hivi. Haya hayakuja kwa ndoto. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alionyesha kwamba makundi ya nyota yaliyo mbali yanatukimbia, na yaliyo mbali zaidi yanakimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1965 ulitangazwa ugunduzi wa mnunurisho hafifu unaotoka kila upande wa mbingu, ambao modeli hiyo ilikuwa imeshautarajia.

Lakini modeli haina daraja moja kutoka juu hadi chini. Kutanuka kwa ulimwengu kumepimwa kwa njia nyingi. Mwendo wa kutanuka bado una ugomvi: wanaoupima kwa mnunurisho huo wa zamani hupata 67 hivi kwa kipimo chao, na wengi wanaoupima kwa nyota za karibu hupata 73 hivi. Kila kundi lina uthabiti, kila kundi limekagua kazi yake mara nyingi, na hata hivyo hawakutani. Ni mishale imesongamana mahali pawili mbele ya mti mmoja. Angalau kundi moja limeikosa shabaha, au mti wenyewe haupo pale wanapodhani. Na lile swali la kilichokuwako kabla ya hali ile ya joto kali, hilo limo katika dhana tupu.

Basi anayesema fizikia imethibitisha kwamba ulimwengu hauna Muumba, ameizulia fizikia. Hakuna mizani wala darubini iliyopima jambo hilo. Na anayesimama juu ya mimbari akaifunga aya ya Mwenyezi Mungu kwenye nambari ya mwaka huu, naye ajiulize: nambari hiyo ikibadilika mwakani, kijana aliyemsikia ataona nini kimebadilika?

Hata wasiokuwa wa dini yetu wamelizingatia hili. Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, alikuwa padri wa Kikatoliki. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipotoa hotuba iliyoielekeza nadharia hiyo kwenye kuthibitisha uumbaji, ni padri huyo huyo aliyeona hatari yake na kutaka pawe na tahadhari. Alijua kwamba nadharia yake ni kitu cha kupimwa, na imani haisimamishwi juu ya kitu kinachosubiri kipimo.

WANAZUONI WETU WALIVYOENDA

Sisi tulikuwa na njia hii kabla yao. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Cairo yapata mwaka 1040, aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Batlamyus, aliyekuwa imamu wa elimu ya nyota kwa karne nyingi, na katika elimu ya nuru hakuridhika na hoja bila ya majaribio. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alitahadharisha kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe, kwa sababu watu wanaijua hesabu ile kuwa ni kweli. Ibn Taymiyya naye alieleza kwamba kujua wakati wa kupatwa ni jambo la hesabu na si madai ya kujua ghaibu, na akanukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba ardhi ni ya mviringo. Hawa wawili walitofautiana katika mengi. Katika hili walikutana.

Na juu yao wote tunao mwongozo wa Mtume wetu (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Yeye aliikataa kauli hiyo mbele za watu, akabainisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha yeyote wala kwa uhai wake, akawaongoza kwenye sala na dua. Alikuwa na msiba moyoni, na kauli ile ilikuwa ya kumtukuza yeye na mwanawe. Hakuikubali, kwa kuwa haikuwa kweli.

Hesabu hizo zimezidi kuwa sahihi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete, na wataalamu walikuwa wametangaza miaka mingi kabla kwamba pa kuonea ni Rujewa, mkoani Mbeya. Watu wakakusanyika, na likatokea. Hesabu hizo hizo zimetaja tarehe 2 Agosti 2027, ambapo kivuli cha kupatwa kikamilifu kinapita Luxor ya Misri na juu ya mji mtukufu wa Makka. Muumini anayeisoma hesabu hiyo hapunguzi hofu yake kwa Mola wake. Anajiandaa kwa sala kabla ya wakati.

SWALI LA MPEMBA

Kabla hatujafunga, tuwakumbushe walimu, tukiwemo sisi wa madrasa, kisa cha Mtanzania mmoja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Tanga, alitia maziwa ya moto kwenye jokofu ili kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule aliyokuwa akisoma wakati huo. Wenzake wakamcheka tena, lakini mhadhiri hakucheka. Alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapa makala pamoja katika jarida la Uingereza, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Na je, ni kweli? Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio na hawakuona athari hiyo. Walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunaweza kumpa mtu jibu jingine. Wengine wanaendelea kulitafuta. Swali la kijana wa Tanga limewafanyisha kazi wenye maabara kubwa kwa zaidi ya nusu karne, na lingezimwa siku ya kwanza kwa kicheko. Ni maswali mangapi yamezimwa katika madrasa zetu kwa kicheko, au kwa fimbo?

NINI KIFANYIKE

Kwa maimamu na wahubiri, tunasema: kabla ya kuitaja nadharia juu ya mimbari, muulizeni mwalimu wa fizikia wa shule iliyo jirani. Akiwaambia kwamba jambo limepimwa, msilikanushe. Akiwaambia linadhaniwa, msilitie ndani ya tafsiri. Kumuuliza mjuzi ni katika mafunzo ya Qur'ani yenyewe.

Kwa wazazi, tunasema: mwaka 2012 Serikali iliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na wananchi wakachangishwa. Nendeni mkaulize maabara ya shule ya mtoto wenu inatumika vipi. Mtoto akitaka kuiacha fizikia, wa kiume au wa kike, asiiache kwa kuwa kaambiwa ni kufuru, wala kwa kuwa binti kaambiwa si elimu yake. Njia ipo, na haipiti Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaifundisha. Mwaka 2018 ilizinduliwa mjini Kigali taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi, yenye uhusiano na kituo cha kimataifa cha Trieste, Italia. Na Kigali, kwa mstari ulionyooka, iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam.

Kwa walimu wa madrasa, tunasema: tuanze na tulivyo navyo. Fimbo na kivuli tumevitaja. Chukueni pia uzi wa mita moja, mfunge jiwe dogo, mlining'inize na kulisukuma kidogo. Kwenda na kurudi mara 10 kutachukua sekunde 20 hivi kwa saa ya simu. Mpeni kila mtoto apime mwenyewe na aandike alichokiona, hata kama ni 19 au 21. Asinakili kwa jirani ili wafanane. Mtoto anayezoea kuandika kipimo chake kwa ukweli, na kukiri kiasi cha kosa lake, amefundishwa fizikia na amana katika saa moja.

Surat Ar-Rahman imetaja kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani mahali pamoja, kisha ikatukataza kuipunja mizani hiyo. Wauzaji wa mahindi na samaki sokoni Tarime wameisikia aya hiyo mara nyingi ikielekezwa kwao. Sisi tunaona inamhusu pia anayesema juu ya mbingu pasi na kupima, awe amesimama maabara au amesimama kwenye mimbari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atuoneshe haki kuwa ni haki, na awajaalie vijana wetu wa Nyamisangura wawe miongoni mwa wenye kupima kwa uadilifu. Wabillahi tawfiiq.